Kashe ya shefu haipimi lupango

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka Mpala, kijiji chetu cha Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Wanaouliza hubadilika, maneno ni yale yale: "Nyumba ni yangu, mnunuzi nimemtafuta mwenyewe, shefu amekwisha kupiga kashe. Leta, yaani Serikali, inatuma watu waje kupima nini?" Siku hizi swali linakuja na mkia wake: hata Marekani, wanasema, watu walikwenda mahakamani wakashinda, mji ukakatazwa kukagua nyumba zinazouzwa. Habari hiyo inatoka kwa ndugu walioko Ohio, na kila anayeisikia anaona amepata wakili wa bure.

Basi tuanze na Ohio, tumalizane nayo. Kesi ipo. Ni ya Oakwood, mji mdogo kando ya Dayton, na mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ilisema mji hauwezi kumlazimisha mwenye nyumba kuwafungulia wakaguzi kabla ya kuuza ikiwa hawana kibali cha hakimu. Ni hukumu nzuri. Ningekuwa mkazi wa Oakwood ningeishangilia. Lakini kule wakaguzi walikuwa wakitafuta kasoro za matunzo ya nyumba. Hakuna aliyekuwa akiuliza lupango, yaani kiwanja, ni wa nani, unaanzia wapi, au kama muuzaji ana wadogo zake wanaodai kila mmoja chumba chake. Hayo yalikwisha kuandikwa kwenye daftari la serikali zamani. Anayetaka kukopa hoja ya Oakwood, akope na daftari lao.

Kwetu mtu wa kadastre, ofisi ya upimaji ardhi, hatazami rangi ya ukuta wala bati linalovuja. Akikuta nyumba yako imeinama kama mlevi ataandika "nyumba" na kuendelea na kazi. Anachokuja kuona ni kama kinachouzwa kipo, kama kinaishia pale kinaposemwa kinaishia, na nani amekaa ndani yake. Mjini Kalemie kazi hiyo hufanywa mauzo yanapokwenda kuandikishwa, ili konservateri wa hati za ardhi afute jina la zamani na kuandika jipya. Kijijini kama Mpala, ambako malupango mengi hayajawahi kupewa hati, inakuwa uchunguzi kamili kabla Serikali haijampa mtu ardhi: mipaka inatazamwa, watu waliomo wanahesabiwa, vilivyo juu ya ardhi vinaandikwa pamoja na njia na mito, na mwenye malalamiko anasikilizwa kwa mdomo hata kama hajui kuandika. Hayo yamo katika sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973. Haikutungwa jana ili ikusumbue wewe.

Sasa tuje kwenye karatasi ya shefu, maana ndiyo dawa inayouzwa na kila komisioneri, yaani dalali, na sijaona mgonjwa aliyepona kwayo.

Ilivyo inafahamika. Ukurasa wa daftari la shule, au ukimpata mwenye kompyuta, ukurasa uliochapwa wenye kichwa "Hati ya Mauzo". Jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bei kwa dola, mashahidi watatu, wawili wao shemeji za muuzaji. Chini kabisa kashe ya shefu wa kartie au wa kijiji, imepigwa mara mbili kwa sababu ya kwanza haikushika wino. Siku hizi wanaongeza video ya simu: mnunuzi anahesabu noti, muuzaji anasema "nimepokea", watu wanapiga makofi. Kila mmoja anarudi kwake akiamini mambo yamekwisha.

Yamekwisha vipi? Karatasi ile inaonyesha kwamba siku fulani mtu fulani alipokea fedha mbele ya watu. Ni ushahidi wa fedha, na kwa hilo itunze vizuri, utaihitaji siku ya kudai urudishiwe. Lakini kifungu cha 53 cha sheria ile ya ardhi kinasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake na haiuziki. Tunachopeana sisi ni haki ya kuitumia. Na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa kisheria kwa kitu kimoja tu, sertifika ya uandikishaji. Hakimtaji shefu. Hakitaji shemeji wala video. Wala usiniambie kwamba utakaa pale miaka thelathini mpaka pawe pako: kifungu kile kile cha 53 kinasema ardhi ya Serikali haipotei kwa kukaliwa.

Endelea kukisoma kifungu cha 219, kwa sababu sehemu yake ya pili ndiyo inayowapita watu. Inasema majengo nayo hayawi mali yako kisheria mpaka yaelezwe kwenye sertifika ya lupango na kuonyeshwa kwenye mchoro wake. Maana yake, hata mwenye sertifika safi, aliyoipata wakati lupango una majani matupu, kisha akajenga nyumba ya vyumba sita, kwenye karatasi bado ana majani. Akiuza bila mtu kuja kuona na kuchora, mnunuzi ametoa bei ya nyumba akaandikishiwa uwanja. Na watu hawa hawa ndio wanaoniuliza mpimaji anakuja kutafuta nini. Anakuja kuiingiza nyumba yako katika sheria, mzee!

Halafu mipaka. Karatasi nyingi za kando ya ziwa huandikwa hivi: kaskazini kwa fulani, kusini njia ya kwenda majini, magharibi mwembe, mashariki ziwa. Ziwa! Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga pale Kalemie, na mvua zikizidi uwezo wa mlango huo maji yanapanda nchi kavu. Wenye nyumba za ufukweni mjini waliyaona mwaka 2024 yakiwaingilia ndani. Mtu aliyenunua "hadi ziwa" wakati maji yako mbali, leo ana mita ngapi? Na kitanda cha ziwa ni mali ya umma. Hakuna shefu wala konservateri wa kukuuzia. Mwembe nao hukatwa. Fulani wa kaskazini hufariki, wanawe wakaja na kumbukumbu nyingine. Mpimaji anaweka namba mahali pa mti: pembe, urefu wa kila upande, mawe ya saruji, na jirani wa kila upande amesimama pale pale akisikia.

Watu wa Mpala hasa ndio wangekuwa wa mwisho kuegemea neno la shefu peke yake, na sisemi hivi kwa kuwadharau mashefu. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alifika mdomoni mwa Lufuko, akaelewana na shefu Mpala, akajenga kituo chake. Mwaka 1885 kituo kikaingia mikononi mwa Mapadre Weupe. Miaka miwili baadaye akaja Kapteni Léopold Joubert na bunduki zake kuwalinda. Shefu alizungumza na mtu mmoja, akajikuta jirani wa wengine ambao hawakuwapo siku ya mazungumzo. Ukiuza leo kwa maneno na kashe, mnunuzi wako naye atauza, na yule wa tatu hatakuwa na habari mlikubaliana nini kuhusu njia ya kwenda majini.

"Lakini shefu anamjua kila mtu," wananijibu. Ndiyo, anamjua. Anajua nani alilima wapi na nani aliachiwa nini na babu yake, na uchunguzi wowote wa maana unaanzia kwake. Asichokijua ni deni lililoandikwa juu ya hati huko Kalemie, wala kama lupango ule ule umekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine mwezi uliopita. Na mara nyingi aibu humzuia kuuliza mbele ya watu: mama mwenye nyumba yuko wapi? Kanuni ya Familia, kifungu cha 499, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kutoa haki ya nyumba au ya lupango, hata kama waliooana wameamua kila mmoja ashike mali yake. Nyumba ya marehemu nayo ni ya watoto wote, si ya kaka mkubwa aliyebaki na ufunguo. Mpimaji anapoingia uani na kuwauliza waliomo wao ni nani, mambo haya hutoka yenyewe: mama anatoka jikoni na kusema hajasikia habari ya kuuza. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wauzaji wengine wanaupinga ukaguzi kwa sauti kubwa. Kuuza kwa makusudi nyumba isiyo yako ni kosa la jinai, wanasheria wanaliita stelionati. Kwa mnunuzi, ziara ile ni nafasi yake ya kumsikia mtu asiye ndugu wa muuzaji, na ni ajabu kwangu kwamba wanunuzi nao wanakubali kuipoteza.

Kwa haki lazima niseme: sheria yenyewe iliwaacha watu wa vijijini njiani. Mwaka 1973 iligeuza ardhi za jamii za kienyeji kuwa ardhi ya Serikali, na katika kifungu cha 389 ikaahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki zao. Miongo ilipita bila amri hiyo. Kwa hiyo mtu wa Mpala anayeshika karatasi ya shefu si mjinga, ameshika alichopewa. Ninayegombana naye ni komisioneri anayemwambia kwamba hiyo ni hati na kuchukua fungu lake.

Na manung'uniko ya kweli yapo. Watu wanaojiita wapimaji wanafika bila barua ya misioni, ile inayoonyesha kwamba ofisi imewatuma, wanadai mafuta ya mashua, wanadai chakula, wanadai "motisha", wanatembeza mita nusu saa na kuondoka bila kuacha hata kipande cha karatasi. Safari kutoka Kalemie ni ghali na inamwangukia mwenye nyumba ya udongo. Mimi jambo hilo linanikera kuliko ninyi, kwa sababu linachafua kazi hii ninayoitetea. Lakini tazameni mnachofanya: mnampa mlaghai noti mbili chini ya mwembe ili aondoke bila kupima, kisha mnajisifu kwamba mmeikwepa Leta. Mmelipa, na hamkupata kitu! Mkataeni asiye na barua, kataeni malipo yasiyo na risiti. Lakini kupimwa kwenyewe mkudai, tena kwa ukali.

Jambo moja ukaguzi huu hautakufanyia: hautakwambia kama nyumba itasimama. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilianzia ziwani likaangusha nyumba Kalemie, na kuta nyingi zinazouzwa leo ni za matofali yale yale. Mchukue fundi mwashi asiyejuana na muuzaji, atazame msingi na pembe za kuta. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kwa anayeuza au kununua mwezi huu, basi. Uliza kwanza muuzaji ana karatasi gani: fishi ya lupango inaonyesha tu kwamba ofisi inamfahamu, mkataba wa kupanga ardhi ya Serikali ni wa miaka mitatu na unasubiri ithibitishwe kwamba ardhi imeendelezwa, sertifika ndiyo hati. Peleka namba ya karatasi hiyo kwa konservateri kabla hujatoa hata dola moja, uulize jina, deni na kesi. Tazama tarehe ya sertifika: iliyopita miaka miwili ni vigumu kuitikisa, ya juzi bado inaweza kushambuliwa. Mauzo yafanyike mbele ya noteri, mume na mke wakitia sahihi wote wawili. Nyumba ya urithi inahitaji karatasi za mahakama na ridhaa ya warithi wote, hata aliye Lubumbashi. Usiandike bei ya uongo ili upunguze ada, maana mauzo yakivunjika utadai kwa bei gani? Ada inalipwa benki kwa noti ya malipo ya DGRAD, idara ya mapato ya Serikali, haipiti mkononi mwa mtu. Mpimaji aonyeshe barua ya misioni, aandike PV, yaani ripoti ya alichokiona, majirani watie sahihi, nakala ibaki kwako. Toa sehemu ya fedha, bakiza sehemu kubwa mpaka jina lako liandikwe.

Kwa Mpala, kumleta mtu kutoka Kalemie kwa ajili ya lupango mmoja ni kutupa fedha ziwani. Kusanyeni maombi ya kijiji kizima, shefu ayapeleke kwa barua moja, gharama ya mashua igawanywe. Ombeni aje Mei, wakati ziwa liko juu kabisa, ili mawe ya mpaka yawekwe pale maji yasipofika. Siku hiyo kila mwenye mpaka awe nyumbani; asiyeweza amtume mtu na barua yenye sahihi, maana jirani asiyekuwapo ndiye anayekuja kugomba baadaye.