Mmea Wenye Jina la Maziwa

Ukiona mbuzi wako wanakula mmea wa porini kwa furaha, je, utasema papo hapo kwamba ni malisho mema? Ngoja kwanza, usikie habari hizi.

Wachungaji wa kale wa Ulaya waliamini kwamba mbuzi akila mmea fulani hutoa maziwa mengi. Basi wakauita kwa jina la maziwa. Wataalamu huuita Astragalus. Ni ndugu wa kunde na maharagwe, na aina zake duniani zapita 2,500.

Aina moja huota Kanada na Marekani, katika mbuga zenye unyevu na kando ya mito. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliandika jina lake, Astragalus canadensis, mwaka 1753. Kimo chake huweza kupita mita 1. Maua yake ni meupe yenye umanjano kidogo, yamesongamana kama shuke, na nyuki huyapenda sana. Wakati wa baridi shina hukauka, lakini mizizi hubaki hai, na majira mema yakirudi huchipua tena.

Watu wa huko huupandaje? Hufanya hivi:

1. Huchagua mahali penye jua na udongo wenye unyevu kiasi.

2. Mbegu ina ganda gumu lisilopitisha maji. Huisugua taratibu kwa msasa mpaka ganda likwaruzike, bila kuumiza kiini.

3. Huiweka katika mchanga wenye unyevunyevu, mahali pa baridi, kwa siku kama 10.

4. Huichanganya na vijidudu vinavyofaa jamii hii ya mimea. Vijidudu hivyo hukaa katika vifundo vya mizizi, huchukua naitrojeni ya hewani, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea.

5. Huifukia kwa udongo kidogo tu, kama nusu sentimita, kisha huzungushia ua, maana sungura hupenda sana kuila miche.

Baada ya hapo ni kungoja. Mara nyingi mwaka wa kwanza mmea hushughulika na mizizi tu, maua huja baadaye. Mvumilivu hula mbivu.

Sasa sikia jambo kubwa. Magharibi ya Marekani wako ndugu wa mmea huu ambao wafugaji wamewapa jina la wazimu. Farasi, ng'ombe au kondoo akiwala kwa majuma kadhaa, hupepesuka, hukonda, hushtuka ovyo, na mwenye mimba huweza kuitupa. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu aishiye ndani ya mmea wenyewe, wala kwa macho humwoni. Tena mnyama aliyezoea mmea huo huendelea kuula ingawa wamwangamiza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Je, yatuhusu sisi? Naam. Hatukushauri utafute mbegu za Kanada. Lakini katika nyanda za juu za Afrika Mashariki yuko ndugu wa mmea huu, aitwaye Astragalus atropilosulus. Basi usikate majani ya porini usiyoyajua na kumpa ng'ombe wako kwa sababu tu yafanana na kunde. Muulize kwanza Bwana Shamba au Bwana Mifugo.

Na vile vifundo vya mizizi unavyo hata wewe shambani. Maharagwe yako yanapotoa maua, ng'oa shina moja polepole kwa jembe, ukatazame mizizi. Pasua kifundo kimoja. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea vizuri. Kikiwa cheupe au kijani, vijidudu havikusaidii. Waite watoto nao waone. Na baada ya kuvuna, using'oe mizizi ukaitupa mbali: iache ioze shambani, udongo upate chakula chake.