Mapadri watatu walionyongwa Manila
Msomaji, bila shaka unajua kwamba Wafilipino wengi ni Wakatoliki. Lakini je, wajua imani hiyo iliwagharimu nini? Wahispania walipofika mwaka 1521, wenyeji wengi waliheshimu mizimu, na kusini Uislamu ulikuwa umeshika mizizi. Ukatoliki ulienea, ila mapadri wenyeji walipokonywa parokia, zikapewa watawa wa Kihispania. Mwaka 1872 watatu wao, Gomez, Burgos na Zamora, walinyongwa hadharani mjini Manila kwa tuhuma za uasi. Kidonda hicho hakikupona. Mwaka 1902 Padri Gregorio Aglipay aliongoza kanisa lililojitenga na Roma. Miaka minne baadaye, Roma ilimweka wakfu Jorge Barlin, askofu wa kwanza Mfilipino. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.