Njia ya Oodnadatta: Kupanga Safari Fupi Katika Jangwa la Australia

Watu wa jimbo la Australia ya Kusini huita safari fupi mwendo ambao askari wa Afrika Mashariki angeuona kuwa ni uhamisho. Kutoka Adelaide, mji mkuu wa jimbo hilo, hadi Marree, inapoanzia njia ya jangwani ya Oodnadatta, ni kilomita 685 hivi, yaani zaidi kidogo ya mwendo wa Kampala hadi Nairobi. Akiendelea hadi William Creek, kisha Coober Pedy, na kurudi Adelaide kwa barabara kuu ya lami, msafiri huwa amekwenda karibu kilomita 1,900. Wenyeji huzimaliza kwa siku tano au sita, watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Habari hizi haziko mbali sana na wasemaji wa Kiswahili. Familia nyingi kutoka Kongo na Burundi zimepokewa Australia katika karne hii, na baadhi yao wamefanya makao Adelaide. Mgeni aliyekwisha kupata kazi na kununua gari hutaka, kama mtu mwingine yeyote, kuiona nchi. Yafaa basi ajue kwamba misiba miwili inayokumbukwa sana katika sehemu hizo iliwapata wageni.

Wa kwanza ulitokea Desemba 1963. Baba, mama na watoto wao watatu, waliokuwa wamehamia kutoka Uingereza, waliondoka Marree kwa njia ya Birdsville kuelekea kaskazini. Walipotea njia, petroli ikawaishia. Waliacha karatasi kwenye gari kueleza yaliyowapata, kisha wakaondoka kwa miguu kutafuta maji. Wote watano walikufa kwa kiu. Wa pili ulitokea Desemba 1998. Watalii wawili kutoka Austria, mwanamume na mwanamke, walikwama mchangani kando ya ziwa la chumvi la Eyre. Mwanamke aliamua kutembea kuelekea William Creek. Alikwenda kiasi cha kilomita 30 akafia njiani. Mwanamume aliokolewa akiwa hai pale penye gari, ambapo palikuwa na tangi la maji.

Mtu akisoma habari hizo mbili pamoja huona mara moja kwamba shabaha ya kupanga safari hii si kufika tu. Shabaha ni kumwezesha msafiri kukaa kando ya gari lake siku kadhaa bila kufa, endapo litaharibika. Gari lina kivuli, nalo huonekana kutoka angani kwa urahisi kuliko mtu mmoja anayetembea juu ya mchanga. Lakini anayeona chupa yake ya mwisho inakwisha huku watoto wanalia hawezi kukaa. Miguu humwondoa yenyewe. Kwa hiyo uamuzi wa kutoliacha gari hufanywa nyumbani, siku madebe yanapojazwa.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mzima asipangiwe chini ya lita 5 za maji kwa siku, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Familia ya watu wanne, ikiwa na siku mbili za njiani na tano za kungoja, yahitaji lita 140, yaani madebe saba ya lita 20. Mizigo mingine itapunguzwa, si maji. Yafaa pia yagawanywe katika vyombo vingi, kwani chombo kimoja kikubwa kikitoboka kwa mitikisiko, maji yote yamekwenda. Chakula kiwe cha kopo na kisichohitaji maji mengi kupikwa: maharage, samaki, biskuti, tende. Mama asisahau chumvi na sukari za kuchanganyia maji ya mtoto atakayelegea, wala blanketi. Usiku wa Julai jangwani baridi yaweza kushuka karibu na sifuri.

Majira nayo yana amri yake. Kati ya Mei na Septemba, ambayo huko ni miezi ya baridi, mchana huwa wa kupendeza. Kati ya Desemba na Februari hapana sababu ya kupeleka familia huko. Tarehe 2 Januari 1960, mji wa Oodnadatta ulipimwa joto la sentigredi 50.7, kiwango ambacho hakijapitwa Australia, ingawa mji wa Onslow ulikifikia mwaka 2022. Ikumbukwe kwamba misiba yote miwili ilitukia Desemba. Mvua nayo, hata ndogo, huigeuza njia kuwa utelezi. Hapo wakuu huifunga, na anayepita penye kibao cha kufungwa hutozwa faini.

Mafuta hupangwa kwa kuhesabu kutoka pampu moja hadi nyingine. Marree hadi William Creek ni kilomita 204 hivi. William Creek hadi Oodnadatta ni kama hizo. Kutoka William Creek kukata kwenda Coober Pedy ni 166. Kwenye ramani vituo huonekana vingi, lakini kituo cha jangwani chaweza kufungwa au kuishiwa, hivyo hupigiwa simu kabla ya kuondoka. Gari lichukue matairi mawili ya akiba, jeki na kipande cha ubao cha kuiweka juu yake isizame mchangani, koleo, na mkanda wa feni. Simu ya mkononi haipati mawimbi sehemu kubwa ya njia. Wanaojua mambo hukodi simu ya setilaiti au hubeba kifaa kidogo cha kuitia msaada kwa setilaiti. Tena humwachia ndugu au rafiki karatasi yenye ratiba: njia gani, gari gani, watu wangapi, watafika lini. Askari aliyewahi kuandika taarifa ya doria hahitaji kufundishwa namna yake.

Baada ya hayo yote, je, kuna cha kuona? Kipo, na kikubwa kuliko vyote ni maji yenyewe. Chini ya jangwa hilo limo bonde kuu la maji ya ardhini lenye ukubwa wa kilomita za mraba milioni 1.7, na kati ya Marree na William Creek maji hayo hububujika katika chemchemi, nyingine juu ya vilima vidogo vilivyojengwa na chumvi zake. Waarabana, wenyeji wa asili, walizijua chemchemi hizo tangu kale. Mvumbuzi John McDouall Stuart alizifuata, akavuka bara mwaka 1862. Simu ya waya ikafuata mstari uleule mwaka 1872, kisha reli iliyofika Oodnadatta mwaka 1891, kwa kuwa injini za mvuke nazo hunywa. Reli hiyo iliachwa mwaka 1980, na madaraja yake ya chuma bado yasimama kando ya njia.

Kabla ya magari, mizigo ilichukuliwa na ngamia. Waliowaongoza waliitwa Waafghani, ingawa wengi walitoka sehemu zilizo leo Pakistani na India. Msikiti waliojenga Marree ulikuwa miongoni mwa ya kwanza Australia. Hata polisi wa sehemu hizo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, walifanya doria kwa ngamia pamoja na wenyeji wa asili mahodari wa kusoma nyayo.

Kando ya njia huonekana ziwa Eyre la kusini, jeupe kwa chumvi. Waarabana huliita ziwa hilo Kati Thanda, nao huwaomba wageni wasitembee juu yake. Sehemu yake ya chini kabisa ni kiasi cha mita 15 chini ya usawa wa bahari. William Creek, mji ambao wakazi wake huhesabika kwa vidole, umo ndani ya shamba la ng'ombe la Anna Creek, linalosifiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Coober Pedy ni mji wa wachimbaji wa opali, kito kilichogunduliwa hapo mwaka 1915. Joto limewafundisha wengi kuishi katika nyumba zilizochimbwa ardhini, pamoja na makanisa, na watoto hufurahi mno kulala humo.

Kutoka hapo hadi Adelaide ni lami tupu, kilomita 850 hivi. Usiku gari lipumzishwe, kwa maana kangaruu hurukia taa, na malori ya matela matatu hayasimami ghafla. Na kabla ya kulala Coober Pedy msafiri ampigie simu yule aliyeachiwa ratiba, asije akawaamsha polisi bure.