Kinara wa kungoja

Maktaba ya kutuma maombi ya HTTP ikitoa toleo jipya, kelele huwa ni za kasi: imempita nani, kwa mara ngapi. Rekodi hizo mimi huzipita kama tangazo la sabuni. Zipo nyingine tamu zaidi.

Iliyosambaa kuliko zote ni curl ya Msweden Daniel Stenberg. Ilipata jina hilo Machi 20, 1998, ikitokana na kiprogramu cha kuchota viwango vya kubadilisha fedha kwa ajili ya roboti ya gumzo. Leo Stenberg anakadiria kwamba imesimikwa zaidi ya mara bilioni 20, kwenye simu, magari na televisheni. Pia inashika rekodi mbili ambazo zikikaa pamoja zinachekesha. Namba 7 iliikalia tangu 2000 hadi 2023, miaka zaidi ya 22. Kisha, siku ya kutimiza miaka 25, likatoka toleo 8.0.0 kwa shangwe. Likakutwa na hitilafu, na 8.0.1 likatoka siku hiyohiyo. Keki yenyewe sijui kama ilikuwa imeisha.

Kwa watu wa Python, mkongwe wa maombi ya asinkroni ni aiohttp. Requests ya Kenneth Reitz, iliyotoka 2011, ni mvuvi wa mshipi: ombi moja, macho majini mpaka lijibiwe. aiohttp ni mvuvi wa dema. Anatega hili, anakwenda kutega lile, anarudi kwa lililonasa. Usipogusa mpangilio wake, inaruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Ilitoa 1.0 Septemba 2016, 2.0 Machi 2017 na 3.0 Februari 2018, matoleo makuu matatu ndani ya miezi 17, halafu ikatia nanga. Hadi 2025 matoleo yake bado yanaanza na 3. Mshindani wake HTTPX, aliyezaliwa 2019, ni bingwa wa haya: mwishoni mwa 2024 alikuwa 0.28, hajathubutu kujiita 1.

Lakini rekodi ninayoiogopa ni ya kungoja. HTTPX isipoambiwa kitu hukata tamaa seva ikikaa kimya sekunde 5. aiohttp hulipatia ombi zima dakika 5. Requests haikati tamaa kabisa. Kikomo haina mpaka uiandikie mwenyewe.

Niliyajua hayo kwa gharama. Jioni moja niliacha kiprogramu changu kikivuta orodha ya malipo, nikaenda kulala. Seva ya upande wa pili ilipokea muunganisho, kisha kimya. Asubuhi nilikikuta palepale kwenye ombi la kumi na saba, hakina kosa, hakina onyo, kinangoja kwa adabu kama mkwe aliyeambiwa akae sebuleni. Kosa lilikuwa langu: sikuandika kikomo.

Na asinkroni si kinga. Madema mia yakinasa kwenye mwamba kwa dakika 5, la mia na moja halipati nafasi ya kutegwa.

Kwa hiyo, kabla ya kushangilia toleo jipya, fungua msimbo wako utafute neno timeout. Kama halimo, liandike leo, na mbele yake weka sekunde ambazo wewe mwenyewe ungevumilia kusimama dirishani.