Mikono Iliyonyanyuliwa Ekerenyo

Nilifika Ekerenyo, huko Nyamira kwenye vilima vya majani chai, siku ya Jumamosi. Mwenyeji wangu hakuwapo nyumbani. Jumamosi ndiyo sabato yao, na alikuwa kanisani. Nilimngoja barazani hadi mchana.

Kumbe huko kanisani mzee huyu huketi benchi la nyuma kabisa. Jina lake lilifutwa katika kitabu cha washiriki alipooa mke wa pili. Kwetu Pwani jambo hilo lingeishia kwa nikaha na sinia la pilau. Lakini kwa Wasabato, ambao wamisionari wao walitua Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906 kisha wakapanda hadi Kisii, ni kosa la kumtoa mtu kundini. Kanuni yao ya mwaka 1941 yataka mume wa wake wengi abaki na mmoja ndipo abatizwe.

Nikamuuliza kama ni mchungaji aliyemtoa. Akacheka. Mchungaji hana uwezo huo, wala baraza la wazee. Wao hupendekeza tu. Waamuzi ni washiriki wenyewe mkutanoni, kwa kura. Siku yake mikono ilinyanyuliwa, na mmoja ulikuwa wa ndugu yake, tumbo moja. Jioni ndugu huyo akaja kunywa chai kama kawaida, na hakuna aliyelitaja.

Njia ya kurudi ipo: amwache mke mdogo, abatizwe upya. "Mwanangu," akaniambia, "nikimfukuza mama huyu na watoto ili wazee waniridhie, Mungu akiniuliza habari zake nitamjibu nini?" Na bado hutoa zaka bila kudaiwa, nayo zaka yao, msomaji, ni fungu la kumi zima, si moja katika arobaini kama yetu.

Sisi Waislamu twapenda kusema kwamba toba ni baina ya mja na Mola wake, hapana wa katikati. Ni kweli, lakini haki ya mja mwenzio haifutiki kwa istighfari peke yake. Sharti umrudishie mwenyewe. Mzee huyu hajapata kufungua kitabu cha fikihi, na hapo hapo ndipo alipong'ang'ania.

Aliposikia natoka Malindi, akataka habari za Shakahola. Nikamweleza: mwaka 2023, katika msitu huo wa Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo hesabu yake ilipita 400, ya wafuasi wa mhubiri aliyeshtakiwa kwamba aliwaamuru wafunge kula mpaka wafe, wapate kukutana na Yesu. Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akauliza: katika kanisa lile, nani alikuwa na ruhusa ya kunyanyua mkono? Sikuwa na jibu.

Akasema ile mikono iliyomtoa ilimuuma, na ingali inamuuma hasa mmoja. Hata hivyo hangeibadilisha kwa kanisa lenye mdomo mmoja. Majirani zake wamekifunga kitabu chao, wana haki. Kitabu kingine hawakipati.

Tukiwa tungali katika mazungumzo hayo, ndugu yake akapiga hodi. Mke mdogo akaongeza kikombe.