Kwa Nini Daktari wa Meno Hukausha Mzizi Kabla ya Kuuziba

Lalamiko moja hujirudia katika sanduku la maoni la kliniki ya kinywa na meno. Mgonjwa alifika kuzibwa mzizi wa jino, akachomwa sindano ya ganzi, akasafishwa, kisha akaambiwa arudi siku nyingine kwa kuwa jino "bado lina maji". Wapo waliodhani dawa zimekwisha; wengine waliona wanazungushwa tu.

Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambacho hushuka hadi kwenye mizizi kupitia mifereji myembamba. Uozo ukikifikia, daktari hukiondoa, huisugua mifereji kwa vifaa vyembamba mithili ya sindano, na kuiosha kwa dawa, mara nyingi hipokloraiti ya sodiamu, ambayo ndiyo hung'arisha nguo nyeupe majumbani. Baada ya hapo mfereji hujazwa gataperka, utomvu mkavu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki unaofanana na mpira. Gataperka haishikamani yenyewe na ukuta wa jino. Mwanya unaobaki hujazwa dawa ya kuzibia, na hapo ndipo suala la unyevu linapoanza.

Dawa za kuzibia za jamii ya epoksi hutaka ukuta mkavu. Maji yakibaki, hazishiki barabara, sawa na rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya ukuta uliolowa. Huachwa mianya midogo isiyoonekana kwa macho, lakini inayotosha bakteria kupita. Kwa sababu hiyo daktari huingiza vijiti vya karatasi, kimoja baada ya kingine, hadi kitoke kikiwa kikavu. Kijiti kikizidi kutoka na majimaji, damu au usaha, hiyo ni ishara kwamba maambukizi au uvimbe bado upo. Daktari makini hazibi siku hiyo. Huweka dawa ndani na kiziba cha muda juu.

Hata hivyo, si kila dawa huuchukia unyevu. Dawa mpya zaidi, zenye silikati ya kalsiamu, ni ndugu wa saruji ya ujenzi, nazo huganda kwa kutumia unyevu kidogo uliomo katika vitundu vya jino lenyewe. Fundi mwashi anayemwagilia lipu yake asubuhi na jioni hatashangaa. Kwa dawa hizo, kukausha kupita kiasi ni kosa, ingawa mfereji wenye maji yaliyotuama nao haufai. Ndiyo maana wagonjwa wawili wanaweza kuhudumiwa kwa namna tofauti, na wote wakawa wametendewa sawasawa.

Tatizo kubwa huanza nyumbani. Maumivu hutulia baada ya hudhurio la kwanza, na mgonjwa huona hakuna haja ya kurudi. Kiziba cha muda hakikutengenezwa kudumu miezi. Huchakaa, mate hupenya, na bakteria hurejea katika mfereji uliokwisha kusafishwa. Hapo kazi yote huanza upya kwa gharama mpya, au jino hung'olewa.

Mwananchi mwenye kiziba cha muda anaombwa kutafunia upande wa pili na kurudi tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake. Kikivunjika au kudondoka kabla ya siku hiyo, afike kliniki mara moja bila kusubiri tarehe.