Mzee wa kinu cha shaba aliyepunguziwa miaka saba

WATU wakizungumzia mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi mwa Uganda, huwataja wachimbaji walioshuka chini ya ardhi. Wachache huwakumbuka waliobaki juu, kwenye kinu. Mmoja wao nilimkuta Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe, anakoishi kwa mwanawe. Aliniomba nisitaje jina lake kwa kuwa shauri lake halijaisha.

Alizaliwa mwaka 1943 kwenye vilima vya Rwenzori. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20, alishuka Kasese kutafuta kazi. Reli kutoka Kampala ilikuwa imefika hapo mwaka 1956 na mji ulikuwa unakua kwa sababu ya shaba.

"Tulikuwa watu wa kila kabila. Hiki Kiswahili unachonisikia nikisema nilikipata kazini," ananiambia.

Namuuliza maswali kwa sauti ya juu, maana kelele za mitambo zilimharibu masikio.

Povu la shaba

Anaeleza kazi yake kama vile aliiacha jana. Mawe yalipondwa, kisha yakasagwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma yanayozunguka, hadi yakawa unga. Unga ulichanganywa na maji na dawa, ukapulizwa hewa. Shaba ilipanda juu pamoja na povu, takataka zikabaki chini. Katika kilo 100 za mawe, shaba ilikuwa kama kilo mbili tu.

"Mimi nilikuwa mtu wa povu. Nililitazama rangi yake zamu nzima. Ukizembea, shaba inakwenda na uchafu," anasema.

Unga wenye shaba ulisafirishwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, na shaba ikauzwa nje kupitia Mombasa.

Miaka ya 1970 mambo yakaharibika. Bei ya shaba duniani ilianguka na vipuri vikawa adimu. Mwaka 1982 uzalishaji ukasimama. Mzee alikuwa na miaka 39 na watoto wa kusomesha. Alibaki Kilembe, akilima mihogo na maharage mlimani.

Mafuriko na kadi

Mei 2013, mto Nyamwamba ulifurika, ukabeba nyumba, madaraja na mali za watu wa bonde hilo. Sanduku lake la bati lilikwenda na maji. Ndani yake kulikuwa na kadi ya kazi yenye mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kuajiriwa. Ndipo akahamia Bwera.

Mwaka uliofuata, Uganda ilianza kuandikisha watu kwa ajili ya vitambulisho vya taifa. Mzee hakuwa na karatasi hata moja. Mwaka wake ulikadiriwa, na kitambulisho kikaja kimeandikwa 1950.

Wakati huo hakuona ubaya. "Nani hapendi kuambiwa bado kijana?" anasema akicheka.

Kicheko kiliisha serikali ilipoanza kulipa wazee wa miaka 80 na kuendelea posho ya Sh25,000 za Uganda kwa mwezi. Mdogo wake, aliyezaliwa mwaka mmoja baada yake, anaipokea. Yeye, kwa hesabu ya kitambulisho, atasubiri hadi 2030.

"Kwa kitambulisho hiki nilianza kazi ya kinu nikiwa mtoto wa miaka 13. Mwanangu, kuna mzungu angeniandika kazi nikiwa na miaka 13?" ananiuliza.

Fedha hizo si nyingi, lakini zinatosha sabuni, chumvi na nauli ya bodaboda kwenda hospitali. Katika kikundi cha wazee wenzake, kila mmoja huchangia kidogo baada ya malipo. Yeye hukopa kwao, na hapendi kukopa kwa aliowatangulia kuzaliwa.

Sasa anatafuta kumbukumbu za ubatizo wake. Kanisa lina vitabu vya zamani, na amekwishawaomba wavipekue. Jina likipatikana, atakuwa na karatasi ya kupeleka anapoomba mwaka urekebishwe.

Nilimuuliza kama hachoki kufuatilia. Alinijibu kwamba kinu kilimfundisha kusaga mawe mia ili kupata mawili.

"Tena hii si hela tu," aliongeza. "Miaka saba ni yangu. Niliiishi."